Taji la Cheptegei sikatai, ila mlisahau leni ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Naguru. Ile orodha yenu ya wanamichezo bora wa Uganda wa wakati wote imetuletea vita hapa kwetu, na sisemi kwa mzaha, Jumamosi watu wawili walikaribia kushikana mashati pale kwa jamaa wa roleksi, zile chapati za kukunjia mayai, mpaka mayai yakaungua. Mmemuweka Joshua Cheptegei, yule wa mbio ndefu, namba moja, sawa, lakini hamkutuambia mmepima kwa mizani gani. John Akii-Bua, yule wa mita 400 kuruka viunzi, mmemtupa namba tatu kama mtu mnamlipa deni la zamani tu ili yaishe.

Mi ni mtoto wa bareki, baba alikuwa polisi, Kiswahili nimekijulia pale pale kabla hata sijajua Luganda. Na msije mkasema napendelea idara ya mzee wangu, manake Akii-Bua alikuwa polisi na Cheptegei naye ni polisi, kwa hiyo hapo hakuna ukabila wa yunifomu. Kama ni upendeleo basi ningempigia Stephen Kiprotich kelele za kumpinga kwa sababu yule ni askari magereza! Lakini huyo naye, dhahabu ya maratoni London 2012 na mwaka uliofuata akaongeza ya dunia kule Moscow, utampinga na nini.

Sasa tatizo ni hili, unalinganishaje mtu wa mbio na kipa? Kijana mmoja wa boda alishikilia Denis Onyango, ati mwaka 2016 alichukua Ligi ya Mabingwa na Mamelodi Sundowns na akatajwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza humu humu barani. Ni kweli kabisa. Lakini kipa ana watu kumi mbele yake, siku beki akilala yeye ndiye anaonekana mbaya, siku straika akifunga yeye anapata kombe. Mwingine akaleta ndondi, John Mugabi, yule waliyemuita Mnyama, ambaye mapambano yake yote ya kulipwa kabla ya kukutana na Marvin Hagler 1986 alishinda kwa nokauti, hakuna hata moja lililofika kwa majaji. Mimi Mugabi nampenda sana, na alikuja kuwa bingwa wa dunia 1989, ila kwenye ndondi mtu anachaguliwa wa kupigana naye, promota ana mkono wake pale. Kwenye orodha yenu hata jina lake silioni, hiyo nayo ni aibu lakini tuiache.

Mi nasema mizani iwe hii: mtu aliruka mbali kiasi gani kuliko wenzake wa siku zile, na alikuwa amesimama juu ya nini wakati anaruka.

Pale kwa roleksi kuna mzee mmoja, afande mstaafu, akaomba vizibo vya soda vinane akavipanga kwenye meza juu ya mafuta ya chapati kama wakimbiaji wanane kila mmoja kwenye leni yake, kimoja kimoja, kila kimoja mbele kidogo ya mwenzake. Akaweka kidole kwenye kile cha ndani kabisa, cha nyuma. "Huyu mutu Akii-Bua alikuwa hapa," akasema, "ndani kabisa." Akavuta kidole kuzunguka sahani ya kachumbari kutuonyesha kona ya leni ya kwanza ilivyobana, halafu akavuta cha leni ya nane kikapita huko nje kwa nafasi yake kama lori la Malaba. Mita 400, viunzi kumi, kila kimoja kama sentimita 91, na kwenye ile kona kali unaruka huku mwili unataka kutupwa nje. Hiyo ndiyo leni John Akii-Bua alipewa fainali ya Olimpiki ya Munich 1972, na David Hemery bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia alikuwa humo humo. Akamaliza kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, mtu wa kwanza kabisa kushuka chini ya 48. Hemery akabaki na shaba.

Nilichukua kalkuleta ya simu. Rekodi ya Hemery ilikuwa 48.12, kwa hiyo Akii-Bua aliikata kwa kama asilimia 0.6. Cheptegei mwaka 2020 alipovunja za Kenenisa Bekele, mita 5000 kule Monaco kwa 12:35.36 alikata kama asilimia 0.26, na mita 10,000 kule Valencia kwa 26:11.00 alikata kama 0.4. Tena hizi zilikuwa mbio zilizopangwa kwa ajili ya rekodi, kuna watu wa kumtangulia kumwekea kasi na kuna zile taa pembeni ya uwanja zinakimbia mbele yako zikikuonyesha rekodi iko wapi. Munich nani alikuwa na taa? Mtu ulikuwa na moyo wako na vile viunzi basi.

Najua mtanijibu kwamba rekodi ya Akii-Bua ilikaa miaka minne tu, Edwin Moses akaivunja Montreal 1976, wakati za Cheptegei zilishapita hiyo minne. Sawa. Lakini Montreal Akii-Bua alikuwa wapi? Afrika ilisusia ile Olimpiki kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi, akakosa kutetea taji lake bila kosa lake. 1979 vita ya kumng'oa Idi Amin ilipofika akakimbilia Kenya kama mkimbizi. Sasa mnamhesabia medali kama vile alikuwa amekaa nyumbani anakula matoke.

Nisiwe mnafiki lakini. Cheptegei nilimuona kwa macho yangu Kololo Machi 2017, mbio za nyika za dunia, anaongoza, amewaacha, watu wamepanda kila mahali wanapiga kelele mpaka koo zimekauka, halafu mzunguko wa mwisho miguu ikakataa. Ilikuwa inaenda upande upande kama ya mtu ametoka kwenye waragi. Watu walinyamaza, nasema uwanja mzima, ungesikia mtoto analia. Akapitwa na huyu na yule akamaliza wa 30. Mi nilirudi nyumbani kwa miguu nikijua huyu kijana amekwisha. Miaka miwili baadaye akashinda hiyo hiyo mbio Denmark, halafu mita 10,000 za dunia mara tatu mfululizo, 2019, 2022, 2023, dhahabu ya Olimpiki ya mita 5000 Tokyo, na kwenye mita 10,000 za Olimpiki Paris 2024 Wahabeshi watatu wakapokezana kumchosha raundi baada ya raundi, yeye akangoja nyuma akaja kuwamaliza kwa 26:43.14, rekodi ya Olimpiki, na hapo hakukuwa na mtu wa kumwekea kasi. Kwa hiyo sisemi ni mdogo. Nasema mkimpa taji mseme kwa nini.

Nilidhani nimemaliza hoja, nikamsomea mama watoto hii barua. Akaniangalia hivi, "Na Inzikuru?" Nikakaa kimya. Dorcus Inzikuru wa kule Arua alichukua dhahabu Helsinki 2005, mita 3000 kuruka viunzi na maji, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza hiyo mbio ya wanawake kuwekwa kwenye mashindano ya dunia, yaani hakuna aliyemtangulia kumwonyesha inashindwaje. Mwaka uliofuata akachukua ya Jumuiya ya Madola. Lakini Olimpiki ilikuja kuiingiza hiyo mbio kwa wanawake 2008, miaka yake mizuri ikiwa imeshapita. Peruth Chemutai aliposhinda Tokyo kwenye hiyo hiyo mbio, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata medali ya Olimpiki, njia ilikuwa imeshafunguliwa. Kwa mizani yangu mwenyewe Inzikuru ananisumbua sana, na nyinyi mmemweka namba tisa.

Kura yangu bado ni ya Akii-Bua. Namba mbili nilikuwa nimeandika Cheptegei, nimefuta, nimeandika tena, saa hii karatasi imetoboka. Mkirudia hiyo orodha naomba mrudishe Mugabi, na kama mnayo picha ya ile fainali ya Munich iwekeni kubwa ionekane yuko leni gani, manake vijana wa boda bado wanasema mzee wa vizibo alitudanganya.

Wenu,
Mtoto wa bareki, Naguru, Kampala