Acheni kuwaambia watu wafute vidakuzi

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wale ambao, kila mtu anapolalamika kwamba anatolewa nje ya akaunti yake bila sababu, jibu lao ni moja: "Futa vidakuzi, kisha uingie tena." Kazi yangu ni kurekebisha programu za seva, na malalamiko ya aina hii nikiyachimba, mara nyingi nakuta mteja hana kosa lolote.

Kidakuzi ni maneno mafupi ambayo seva hukikabidhi kivinjari, nacho huyarudisha kila kinapoomba ukurasa. Hurudi yote katika mstari mmoja, hivi:

Cookie: lugha=sw; kikao=amluYQ==

Hapo "kikao" ndiyo alama ya kwamba mtu ameshaingia kwenye akaunti yake. Seva hukata mstari huo kwenye nukta mkato, kisha hutenganisha jina na thamani kwenye alama ya usawa. Katika programu niliyorekebisha hivi karibuni, msimbo ulikuwa ukikata kila palipo na alama hiyo. Zile mbili za mwisho zikadondoka, seva ikabaki na amluYQ, ikaona haifanani na iliyohifadhiwa, mtu akafungiwa mlango. Dawa ni kukata kwenye alama ya kwanza tu. RFC 6265, waraka wa mwaka 2011 unaoweka kanuni za vidakuzi, unavielekeza vivinjari kufanya hivyo hivyo, na sioni kwa nini seva ifuate njia nyingine.

Kinachofanya kosa hili lidumu ni kwamba halimpati kila mtu. Thamani ile imeandikwa kwa base64, mtindo wa kugeuza data kuwa herufi za kawaida, ambao huongeza alama za usawa mwishoni pale tu idadi ya baiti isipogawanyika kwa 3. Ikiwa urefu wa kilichomo unategemea jina la mtumiaji, mmoja huingia bila shida, na mwenzake aliyemzidi herufi moja tu hukwama. Fundi akijaribu kwa akaunti yake akaona mambo ni shwari, lawama zote humwangukia mlalamikaji. Hilo linaniuma sana.

Kuna programu nyingine mbaya zaidi: zikikuta kidakuzi kimoja kimeharibika, hutupa na vyote vinavyokifuata. Hapo kidakuzi cha matangazo chenye herufi isiyoruhusiwa kinaweza kumpotezea mtu kikao chake. Kufuta vidakuzi husaidia kwa muda, maana kile kibovu kimeondoka, ila tangazo likirudi, tatizo nalo limerudi. Mteja hufuta tena, na pamoja nacho hupoteza mipangilio yake yote na kuingia upya kila mahali.

Ombi langu kwa watengenezaji wenzangu: kabla ya kutoa toleo jipya, ipeni seva yenu mstari wenye thamani inayoishia na alama mbili za usawa, thamani tupu, na kidakuzi kibovu kilichobanwa katikati ya viwili vizima. Kama vile vizima havikusomwa vyote viwili, toleo hilo lisitoke.

Mtengenezaji wa programu za seva