Kiti cha utingo

Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Baba Zuhura,

Salaam nyingi sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Zuhura na watoto, na kwamba baridi ya Mbeya haijawazidi. Sisi huku hatujambo. Joto ni lile lile, na shemeji yako anakusalimu. Anasema ule mchele uliotuletea umekwisha na majirani bado wanauulizia.

Kilichonishikisha kalamu ni maneno uliyotuachia siku ile pale kwenye benchi la kahawa Kariakoo. Ulisema madereva wa mbio wa siku hizi ni watoto wanaoendesha kompyuta, na kwamba ukimtia mmoja wao kwenye gari la Fangio, yule bingwa wa dunia wa miaka ya hamsini, atalia kabla ya kona ya tatu. Wazee wote wakaunga mkono, muuza kahawa akakuongezea kikombe, na mimi nikanyamaza. Sikunyamaza kwa kukubali. Jibu nilikuwa nalo tumboni ila halikuwa limepangika, na limenichukua wiki tatu. Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe ni refu na simu yako haikosi wateja.

Unakumbuka kwamba kabla sijashika spana nilikuwa utingo. Miaka sita nilikaa kiti cha kushoto cha Scania, Dar kwenda Iringa na kurudi, chini ya mzee mmoja Mhehe ambaye wewe hukubahatika kumjua. Kwa hiyo ushujaa wa dereva mimi nimeujulia kutoka kiti kile. Asiyekaa pale huona gari likipita na vumbi lake. Anayekaa pale huona mikono.

Nikusimulie siku moja tu. Tulikuwa tunashuka mlima Kitonga, kule Iringa, na shehena ya mahindi. Mzee aliingiza gia ndogo kule juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, kama kawaida yake, na gari likawa linashuka kwa kuguna. Katikati ya kona zile nikasikia harufu ya breki. Nikamtazama. Hakusema kitu. Akatafuta upana wa barabara, akasimamisha gari upande wa mlima, akaniambia, "Shuka na gogo." Nikaruka, nikalisukumia gogo chini ya tairi la nyuma, mikono inatetemeka. Tukakaa pale zaidi ya saa nzima, ngoma za breki zikitoa moshi mwembamba, na mzee akala muhogo wake wa kuchoma bila haraka. Lori moja likatupita kwa kasi, dereva wake akachungulia dirishani akatuzomea, "Wazee, mmeogopa mlima?" Mzee hakuinua hata kichwa.

Yule aliyetuzomea alifika salama. Tulimkuta Ruaha Mbuyuni anakunywa chai, gari lake zima, anawasimulia wenzake habari zetu wakacheka tena mbele yetu. Angekuwa ameanguka, hadithi ingekuwa rahisi na nisingekuwa na haja ya kukuandikia. Alifika, na miaka yote nimejiuliza kati ya wale wawili shujaa alikuwa nani.

Ndiyo maana nampenda Niki Lauda, dereva wa langalanga (Formula One), kuliko wote. Tarehe 1 Agosti 1976, pale Nürburgring Ujerumani, gari lake lilitoka njiani likawaka moto naye akiwa ndani. Kabla ya mbio hizo yeye mwenyewe aliwaomba wenzake wasikimbie pale kwa sababu ya usalama, wakamkatalia kwa kura. Waliomtoa motoni ni madereva wenzake, Arturo Merzario ndiye aliyemfungua mkanda. Mapafu yaliungua, kichwa kiliungua, padri aliitwa hospitali. Wiki sita baadaye akakaa tena kwenye gari pale Monza, Italia, na bandeji zenye damu chini ya kofia, akamaliza wa nne. Hapo kila mtu anakubali kwamba huyu ni shujaa, hata wewe.

Lakini mimi naitazama siku nyingine, karibu miezi mitatu tangu ile ajali. Mbio za mwisho za mwaka, Fuji, Japani, mvua inamwagika, ukungu, magari yanatimua maji hata aliye nyuma haoni kitu. Lauda anaongoza msimamo kwa pointi 3. Akamaliza mizunguko miwili tu ya uwanja, akaingia pembeni, akashuka. Mafundi walikuwa tayari kutangaza kwamba injini imeharibika ili kumfichia aibu, akakataa, akasema ukweli kwamba ni hatari mno. James Hunt, aliyekuwa akimfukuzia ubingwa, akaendelea, akamaliza wa tatu, akachukua ubingwa wa dunia kwa pointi 1. Hunt naye alifika salama, Baba Zuhura, kama yule wa Ruaha Mbuyuni. Na sitamwita Hunt mjinga, kwa maana aliendesha vizuri siku hiyo. Ila ukiniuliza ni nani kati yao aliyefanya jambo ambalo mimi nisingeliweza, nitakutajia aliyeshuka.

Sasa tuje kwenye hoja yako, kwamba wa zamani walikuwa mashujaa zaidi kwa sababu walikufa zaidi. Ni kweli walikufa. Jim Clark, ambaye kwa macho yangu hakuna aliyemzidi kwa wepesi wa mkono, alishinda mbio 25 kati ya 72 za langalanga alizoshiriki, na akafa Hockenheim tarehe 7 Aprili 1968 katika mbio ndogo ambazo leo hakuna ambaye angezikumbuka. Lakini hatari ile haikuwa mali ya dereva. Ilikuwa deni la wenye viwanja na wenye magari, na madereva ndio waliolilipa. Tukihesabu ushujaa kwa makaburi tutakuwa tunawasifu waliowaua.

Nikupe kisa cha spana, maana najua utakipenda. Mwaka 1966, Spa, Ubelgiji, mvua ilinyesha ghafla Jackie Stewart akatoka barabarani. Akabanwa ndani ya gari, petroli inamvujia mwilini, usukani umemkandamiza mapajani na hautoki. Madereva wenzake Graham Hill na Bob Bondurant, nao wameteleza hapo hapo, wakaja kumtoa, hawana kifaa cha kufungulia usukani. Ikabidi waazime spana kwa mtazamaji. Hebu fikiri, bingwa mtarajiwa wa dunia analowa petroli, na uhai wake uko kwenye mfuko wa mtu aliyekuja kutazama. Tangu siku hiyo Stewart alikuwa anabandika spana kwenye usukani wa gari lake. Kisha akaanza kudai mikanda, madaktari, kuta salama, viwanja vikaguliwe. Wakamwita mwoga, waandishi na wenye viwanja, wakisema anaondoa utamu wa mchezo. Akawajibu mwaka 1968 Nürburgring, kwenye mvua na ukungu, mkono mmoja ukiwa umeumia kifundo. Alishinda kwa dakika 4 na sekunde kadhaa. Dakika nne! Mshindi wa pili alikuwa bado msituni huko. Akachukua ubingwa mara tatu na akastaafu akiwa hai. Watoto unaowabeza leo wanakaa ndani ya kazi yake. Mtu anayekubali kuitwa mwoga na wanaume wenzake kwa miaka ili wengine wasife, mimi nimekosa jina jingine la kumpa zaidi ya shujaa.

Kwenye ujuzi ndipo utakaponipata kidogo.

Marehemu baba aliendesha lori la mkonge Korogwe, na katika miaka ya sitini alikuwa anasubiri Pasaka kama mtoto anavyosubiri Idi, kwa sababu ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Alitusimulia habari za Bert Shankland mpaka tukazikariri. Huyo alikuwa mkazi wa nchi yetu hii, akashinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, zile Pijo zilizokuwa teksi mitaani. Kabla yake, 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwishatumika. Barabara hazikufungwa. Ulikuwa ukikata kona za Usambara usiku, na mbele yako inaweza kutokea ng'ombe, basi, au mkulima na baiskeli yake. Mwaka 1968 yaliondoka magari 93, yakafika 7. Timu za Ulaya zilikuja na magari ya kiwanda na mafundi wao mwaka hadi mwaka, na tangu mashindano yaanze 1953 hakuna dereva wa kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda mpaka Hannu Mikkola mwaka 1972. Kwa nini? Matope. Baba alisema Joginder, Singasinga yule, alikuwa anatazama rangi ya tope na kujua kina chake. Elimu hiyo haiuzwi dukani.

Halafu mwaka 2021 mbio zikarudi kwenye ubingwa wa dunia, Naivasha, na Sébastien Ogier ambaye hakuwahi kushindana Safari akaja akashinda mara ya kwanza tu. Utaniambia njia zimefungwa sasa, umbali wa kushindana ni kilomita mia tatu na kitu badala ya zile elfu tano, na wamepita kuandika kila kona kabla. Yote kweli. Lakini mwandikie mtu kila kona, kisha mwambie aikate kwa kasi ile kwenye vumbi laini linalomeza tairi mpaka nusu, uone kama maandishi yatamsaidia. Kalle Rovanperä alikuwa bingwa wa dunia wa rally akiwa na miaka 22. Kaa kiti alichokaa msoma ramani wake, Jonne Halttunen, uso umeinamia daftari, unasoma kona iliyo mbele ya kona mnayokata, na barabara yenyewe huioni. Mimi kama utingo angalau niliuona mlima.

Na daftari lenyewe, unajua lilianza kupata jina wapi? Mbio za Mille Miglia, Italia, mwaka 1955, kilomita kama 1,600 kwenye barabara za kawaida. Stirling Moss kwenye usukani wa Mercedes, pembeni yake mwandishi wa habari mwenye ndevu, Denis Jenkinson, na karatasi ya zaidi ya mita 5 iliyoviringishwa ndani ya kijisanduku. Kelele ilikuwa kubwa, kwa hiyo alimwonyesha Moss kwa ishara za mkono. Njiani alitapika, miwani yake ikapeperushwa na upepo, akavaa ya akiba akaendelea kuonyesha. Wanakuja kwenye kilima wasichokiona ng'ambo yake, Jenkinson anaashiria kwamba mbele ni nyoofu, na Moss hatoi mguu kwenye mafuta. Walimaliza kwa saa 10 na dakika 7. Sifa zote alipewa Moss, na anastahili. Mimi hutazama ule mkono wa pembeni.

Sasa kuhusu Fangio wako nakupa haki yako yote. Tarehe 4 Agosti 1957, Nürburgring tena, ana miaka 46. Alisimama kubadili matairi na kujaza mafuta, mafundi wakachelewa, akatoka nyuma ya Ferrari za Hawthorn na Collins kwa karibu sekunde 50. Akaanza kuvunja rekodi ya mzunguko, akairudia kuivunja, mpaka akafika dakika 9 na sekunde 17.4, sekunde 8 chini ya muda wake bora wa mazoezi, kwenye njia ya kilomita 22 na ushee ya milima na miti. Akawapita wote wawili. Baadaye alikiri kwamba hakuwahi kuendesha vile na hakutaka kuendesha vile tena. Ona, hata yeye alijua kwamba siku ile alivuka mpaka. Na alikuwa fundi tangu utotoni, kule Balcarce, Argentina. Nadhani ndiyo maana alichukua ubingwa wa dunia mara tano na kumaliza akiwa na viungo vyote. Gari lilimwambia kitu, naye alisikia.

Lakini yule Verstappen unayemwita mtoto wa kompyuta, mtazame Brazil 2024. Alianza wa 17, mvua inanyesha, akashinda. Mvua haijui zama, ndugu yangu. Kwenye maji kompyuta haikupi macho. Na dereva mwingine wa siku hizi, Grosjean, Bahrain 2020, gari limepasuka vipande viwili na kuwaka, sekunde kama 28 ndani ya moto, akatoka kwa miguu yake kwa sababu ya ile fremu ya juu ya kichwa ambayo yeye mwenyewe aliipinga ilipoletwa. Mwaka uliofuata alirudi kushindana Marekani na mikono yenye makovu. Hiyo huiti ulaini.

Basi mimi nimeacha kuuliza nani angemshinda nani. Nauliza swali la utingo: ni nani ningekubali kushuka naye Kitonga, mahindi tani nyingi nyuma, breki zinanuka? Stewart, bila kufikiri. Fangio. Lauda. Joginder ikiwa kumenyesha. Hunt na yule wa Ruaha Mbuyuni ningewapigia makofi nikiwa nimesimama pembeni ya barabara.

Niandikie orodha yako, na uniambie sababu, usinitumie majina matupu. Mwakani Safari Rally ikirudi Naivasha nataka twende sote. Nauli ya basi mpaka Nairobi nimeanza kuiweka, na kijana wangu amesema atatushikia karakana hizo siku nne. Nenda kamwombe Mama Zuhura ruhusa mapema.

Ile pampu ya dizeli uliyoagiza nimeipata, ya mtumba lakini nzima, nimeifungua mwenyewe. Nitaipakia basi la Jumatano. Mwambie Zuhura baba yake mdogo anamsalimu.

Ndugu yako wa Gerezani