Barua kwa mwanangu: kabla hujanunua kicheza muziki cha mfukoni

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yako wewe uliye ng'ambo huko Nansio. Ujumbe wako nimeusoma: Jumamosi unavuka kuja mjini kununua kicheza muziki, ili simu ipumzike na chaji yake ibaki ya kupigia. Wazo ni zuri. Ila usishuke melini ukaelekea moja kwa moja kwenye maduka ya Makoroboi na kuchukua chenye kioo kikubwa kuliko vyote. Kioo kikubwa hula betri tu. Kinachokufanya ukipende kifaa hiki au ukichoke ni memori kadi na jinsi ulivyopanga nyimbo zako.

Njoo na memori yako mwenyewe, yenye mafaili ya kujaribia. Weka wimbo wa MP3, mwingine wa M4A, mmoja wa FLAC kama unao, somo au mahubiri ya zaidi ya saa moja, na wimbo unaoanza kwa sauti ya chini sana. Maboksi mengi yameandikwa kwamba kifaa kinacheza kila aina. Kadi yako ndiyo itakayosema kweli pale pale dukani. Ule wimbo wa sauti ya chini ni wa kusikilizia mvumo. Ukisikia "shhh" nyuma yake, au mlio wa tik-tik kila kioo kinapowaka, kirudishe. Lile somo refu lisogeze hadi dakika ya 40, zima kifaa, kiwashe tena. Kikianza upya tangu mwanzo, ujue hakikumbuki kilipoishia, na wewe unayesikiliza masomo marefu utakichukia ndani ya wiki moja.

Chagua chenye vitufe vya kubonyeza, si cha kugusa kioo, ili ubadilishe wimbo mkono ukiwa mfukoni. Kiwe na kufuli ya vitufe pia, la sivyo kitajiwasha ndani ya mkoba na utakikuta kimezima. Chomeka waya wa masikioni kwenye tundu la milimita 3.5 na uuzungushe taratibu: sauti ikikatika upande mmoja, jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu tundu. Kwa ajili ya kwaya, uliza kama kina kurudia A-B, yaani unaweka alama mwanzo na mwisho wa kipande, nacho kinarudia hapo hapo hadi sauti yako ya pili ikae sawa. Redio ya FM ni nzuri, lakini waya wa masikioni ndiyo antena yake. Ukitumia vile vya Bluetooth bila kuchomeka waya wowote, stesheni zitakwaruza au zisikamate kabisa.

Kuhusu chaji, kuna jambo linalowasumbua wengi. Vifaa vya bei rahisi vyenye tundu la Type-C mara nyingi havipokei chaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili. Ndani yake hazikuwekwa rezista mbili ndogo za kilo-omu 5.1 zinazoiambia chaja kuwa kuna kifaa kinachongoja umeme. Hakijaharibika, tumia waya wenye kichwa cha zamani cha USB upande wa chaja. Na pawabenki ikijizima kabla kifaa hakijajaa, ni kwa sababu kinavuta mkondo mdogo mno, nayo inadhani hakuna kilichochomekwa. Ukikosa cha kukuridhisha, chukua redio ndogo ya memori inayotumia betri ya kuchomoa aina ya BL-5C. Sura yake si ya kuvutia, lakini siku betri ikichoka unabadilisha mwenyewe bila fundi.

Sasa memori, mama, hapa tulia. Nunua ya 32 GB, usivutwe na namba kubwa. Kadi za kuanzia 64 GB hutoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa kwa exFAT, mfumo mmoja wa kupanga mafaili kwenye kadi, na vicheza muziki vingi vya bei ndogo vinasoma mfumo wa FAT32 pekee. Utaambiwa hakuna kadi wakati umeichomeka mwenyewe. Na 32 zinatosha. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unachukua karibu MB 1 kwa dakika, wa 192 karibu MB 1.4, wa 320 MB 2.4. Kwa 192, wimbo wa dakika nne ni karibu MB 6, kwa hiyo kadi hiyo inabeba nyimbo zaidi ya 5,000. Usikubali mtu akubadilishie wimbo wa 128 kuwa 320 akakuambia ameuboresha. Kilichokatwa hakirudi, faili linanenepa bure.

Kadi bandia ni nyingi. Kijichipu chake kimefundishwa kudanganya: kinajitangaza kuwa na 128 GB huku ndani mna 8. Utaweka nyimbo, majina yote utayaona, lakini baada ya ile nafasi ya kweli kujaa, mafaili mapya yanapotea au yanaandikwa juu ya yale ya zamani, na nyimbo zinaanza kurukaruka. Dawa ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwa wenye Linux. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuandika 32 GB ni karibu saa nzima, halafu kuna kusoma. Usishtuke ikionyesha 29 na pointi badala ya 32. Huo si wizi: kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Kwenye kupanga nyimbo, fahamu kwamba vifaa vingi vya aina hii havifuati alfabeti. Vinafuata mpangilio ambao mafaili yalinakiliwa. Ukiongeza wimbo wa tatu baadaye, utakaa mwisho. Kwa hiyo tayarisha folda nzima kwenye kompyuta, anza majina kwa 01, 02, 03 ili yanakiliwe kwa mfuatano huo (bila sifuri, 10 inaweza kutangulia 2), kisha inakili yote kwa mkupuo mmoja. Jina linaloonekana kwenye kioo mara nyingi si la faili bali la lebo iliyo ndani yake, ndiyo maana nyimbo za kupakua zinaonyesha jina la tovuti badala ya mwimbaji. Rekebisha kwa programu ya Mp3tag, hifadhi lebo kwa muundo wa ID3v2.3 ambao vifaa vya zamani vinauelewa, na picha ya jalada isizidi pikseli 500 kwa 500. Kubwa sana inakichelewesha kifaa. Rekodi za mazoezi mlizotumiana WhatsApp kwa sauti ni mafaili ya aina ya opus, zibadilishe ziwe MP3. Nyimbo zinazopishana ukubwa wa sauti zisawazishe kwa programu ya MP3Gain, haipunguzi ubora wake. Mwisho, usichomoe kadi kwenye kompyuta kabla ya kubonyeza Eject, maana orodha ya mafaili inaweza kuwa bado inaandikwa.

Ukiwa mtumbwini, kiweke kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Kikilowa, kizime, toa kadi, kifungue kama kinafunguka, kiache kwenye upepo kivulini siku mbili tatu, wala usikichaji. Mchele hausaidii, unaongeza vumbi tu. Betri ikivimba hadi kifuniko kinyanyuke, acha kukitumia siku hiyo hiyo, na usiitoboe.

Najua melini utaongeza sauti kushindana na injini. Shirika la Afya Duniani linahesabu kikomo cha usalama kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, saa hizo zinabaki 4. Nunua waya wa masikioni wenye mpira unaoziba tundu la sikio, ukubwa wa mpira uendane na sikio lako, na hutahitaji kupandisha.

Mama yako anakusalimu na anaomba machungwa, kapu moja linatosha. Kadi utakayonunua pitisha nyumbani kwanza, tutaiacha ijipime kwenye kompyuta wakati tunakula.

Ni mimi,
Baba yako