Risala kwa Mgeni Rasmi: Kumbukumbu ya Mzee Wetu, Askari wa Vita vya Kagera

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kijiji na wa dini,
Wazee wetu mliolitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania,
Mama zetu wajane,
Walimu, wanafunzi na ndugu wanakikundi,

Shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuja kuungana nasi leo tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Kikundi chetu cha familia za askari wastaafu kimeichagua siku hii kumkumbuka mwenyekiti wetu wa kwanza, aliyetutoka mwaka jana. Nimepewa kazi ya kusoma kwa kuwa mimi ni mtoto wake wa tatu. Mtaniwia radhi nikimwita Baba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978, Baba alikuwa kijana aliyekwisha kula kiapo. Wakubwa mnakumbuka. Daraja la Kyaka lililipuliwa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Kuanzia Mto Kagera, kupita Mutukula, Masaka na kinamasi cha Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, sehemu kubwa ya jeshi letu ilikwenda kwa mguu. Baba alikuwamo.

Hayo tumeyapata kwa kusoma na kwa kusikia kwa wenzake. Yeye hakuwa msimuliaji. Ukimuuliza habari za vita alikuwa na jibu moja: "Askari ni miguu." Akishasema hivyo anaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yamekwisha.

Lakini neno lile tuliishi nalo. Jumapili jioni alikusanya viatu vyetu vya shule, jozi sita, akavipiga dawa na brashi mwenyewe, kisha akavipanga mlangoni kutoka kikubwa hadi kidogo. Kiatu kikichanika alishona usiku huohuo. Tulipokuwa wadogo alitukagua nyayo mmoja mmoja kwa kurunzi, akitafuta funza na vidonda, na aliyekuwa na kidonda hakulala mpaka kimesafishwa. Sisi tulidhani ndivyo baba wote wanavyofanya. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba wengine hawakuwahi kushikwa mguu na baba zao.

Kisha Mama akapata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Kwa miaka minne, kila jioni, Baba aliteleka maji, akayapooza kwa kidole, akatia chumvi kidogo kwenye beseni, akavuta kigoda akaketi miguuni pa mkewe na kumkanda. Mwanamume wa rika lake! Majirani walisema waliyosema. Hakuwajibu, na wala hakufunga mlango ili wasimwone.

Jioni moja nilikuwa chumba cha pili nikamsikia akimweleza Mama habari ya askari mwenzake ambaye buti zake zilioza kwa matope. Walikuwa wakibadilishana soksi, huyu akivaa kavu usiku, yule akivaa kavu alfajiri. Yule mwenzake hakurudi. Baba alitaja jina lake, lakini alikuwa analia, sikulishika. Nilisema nitamuuliza siku nyingine. Nikaona haya, siku zikapita, na Baba akaondoka nalo. Wengi wa askari wetu waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Yumkini yule mwenzake yuko pale, na huenda ana wadogo zake wanaotamani kusikia habari ya zile soksi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa linatoka hapo. Kijana wa miaka 20 wakati ule, leo anakaribia 70, na wazee wetu waliobaki hapa wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Majenerali wameandikwa. Hawa waliobeba mizigo mgongoni bado. Tunaomba utusaidie kupata vinasa sauti viwili, na utuombee kwa mkuu wa shule ili wanafunzi wa kidato cha tatu waje kila Jumamosi kukaa na wazee hawa, wawaulize na kuandika. Waanze mwezi huu, kabla ya mvua, maana wawili kati yao vifua havistahimili baridi.

Ombi la pili ni la wajane wetu, ambao hufunga safari za mbali mara kadhaa kufuatilia mirathi moja. Tunaomba sauti yako iwasemee.

Mama yuko mstari wa mbele, kwenye kiti cha magurudumu, amejifunika kanga ya bluu. Hawezi kusimama kukusalimia, ila anasikia kila kitu. Tangu asubuhi ameniuliza mara tatu kama viatu vyangu nimevipiga dawa. Ukishuka jukwaani, tunaomba upitie kwake umpe mkono wa kushoto.

Tunaomba kuwasilisha.