Uhalali haujaondoa mvuto wa muguka kwa vijana

Kwa Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako tukufu nichangie hoja ambayo hurejea kila unapotajwa uhalalishaji wa bangi, nayo ni kwamba vijana huipenda kwa sababu imekatazwa, na kwamba siku itakapouzwa dukani kama majani ya chai itawachusha. Niliisikia sana mwaka 2022, Profesa George Wajackoyah alipowania urais kwa tiketi ya chama cha Roots na kuifanya bangi kuwa ahadi yake kuu, na ningali naisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, wakiwamo wazazi wenzangu. Si hoja ya kupuuzwa. Kila aliyelea mtoto anajua kwamba kilichofichwa juu ya kabati ndicho kinachotafutiwa kiti. Lakini nimefundisha shule za sekondari hapa Pwani kwa miaka 27, na nimeona kwamba jibu tumekuwa nalo muda wote bila kulitazama. Tunayo majani yanayolevya ambayo yameuzwa kihalali miaka yote hiyo, mchana kweupe, na vijana hawajachoshwa nayo.

Nazungumzia miraa, na hasa ndugu yake, muguka. Miraa hutoka zaidi Meru na muguka hutoka Embu, upande wa Mbeere, na yote ni ya mmea mmoja. Nguvu yake iko katika kemikali iitwayo kathinoni, ambayo huanza kupungua mara majani yanapochumwa na katika siku mbili hivi huwa imefifia sana, ndiyo maana magari yanayoyaleta huteremka Pwani kwa kasi inayowatia hofu watumiaji wengine wa barabara. Muguka ni majani matupu, ni rahisi kuliko vijiti vya miraa, na mfuko mdogo nimeuona ukiuzwa kwa shilingi 50. Hiyo ni pesa ambayo mwanafunzi hupewa ya chakula cha mchana.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu nilimkuta mwanafunzi wa kidato cha tatu na mfuko wa muguka katika mkoba wake wa vitabu. Hakutetemeka wala hakuomba radhi. Aliniambia kwa adabu, “Mwalimu, hii si mihadarati. Babu anakula, dereva wa matatu anakula, na kaunti inatoza ushuru.” Kila alilolisema lilikuwa kweli, na mimi niliyezoea kuwa na jibu darasani sikuwa nalo. Kijana yule hakuvutwa na utamu wa kuvunja sheria, kwa kuwa hakuwa akivunja sheria yoyote aliyoijua. Alivutwa na ndugu zake wakubwa, na kijiwe walichokaa jioni, na imani kwamba angekesha akisoma. Uhalali kwake ulikuwa ruhusa, na ruhusa hiyo aliitumia kunijibu mimi, mama yake na nafsi yake.

Takwimu za nchi nzima zinaelekea huko huko. Uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022, uliowahusu watu wa miaka 15 hadi 65, ulikadiria kwamba Wakenya wapatao 965,000 walikuwa wakitumia miraa, huku wa bangi wakiwa takriban 519,000. Pombe, ambayo ni halali zaidi ya zote, ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 3.2. Sidai kwamba namba hizi zinamaliza ubishi, kwa sababu zinachanganya wazee na vijana, na miraa ina mila na desturi zake ambazo bangi haina. Hata hivyo, kama kukatazwa ndiko kunakovuta, mpangilio huu ungalitakiwa kugeuka juu chini.

Wanaotetea uhalalishaji hupenda kuitaja Uholanzi, nami naomba tuitaje kwa ukamilifu. Mwaka 1976 nchi hiyo ilibadilisha sheria yake na kuitenganisha bangi na dawa kali kama heroini. Bangi haikuhalalishwa, ila aliyekutwa na kiasi kidogo hakushtakiwa, na baadaye migahawa maalumu ikaachwa iiuze. Lengo halikuwa kuifanya iwachushe vijana. Lengo lilikuwa kumtenga mvutaji wa bangi na muuza heroini, ili aliyekuja kutafuta kimoja asiondoke na kingine. Sisi watu wa Mombasa, ambao tumezika vijana wengi kwa sababu ya unga, yaani hiyo heroini, hatuwezi kulidharau lengo hilo. Lakini Robert MacCoun na Peter Reuter, watafiti wa Marekani, walipoichunguza miaka hiyo katika makala yao ya mwaka 1997, walikuta jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine yote katika mjadala huu. Katika miaka ya kwanza, adhabu ilipokuwa imelegezwa na biashara ikiwa bado ndogo, kulegezwa kwa sheria hakukupandisha matumizi. Kisha migahawa ikaongezeka na kujitokeza barabarani, na kati ya mwaka 1984 na 1996 sehemu ya vijana wa miaka 18 hadi 20 waliowahi kuvuta bangi ikapanda kutoka asilimia 15 hadi asilimia 44. Wapo waliowapinga wakisema kwamba sehemu ya miaka hiyo bangi iliongezeka hata katika nchi zilizoikataza kabisa, na ni haki hilo litajwe. Ninachosema mimi ni kwamba hakuna awezaye kuzitazama namba hizo mbili akadai kwamba duka liliwachosha vijana. Waholanzi wenyewe walikaza kamba mwaka 1996: umri wa kuingia migahawani ukapandishwa kutoka miaka 16 hadi 18, na kiasi anachouziwa mteja kikashushwa kutoka gramu 30 hadi 5.

Mfano wa karibu zaidi ni jimbo la Colorado nchini Marekani, lililofungua maduka ya bangi kwa watu wazima Januari 2014. Mwaka 2013, karibu mwanafunzi 1 kati ya 5 wa shule za upili alisema ameivuta katika siku 30 zilizopita. Mwaka 2019, baada ya miaka 5 ya maduka, jibu lilikuwa karibu lile lile. Mwaka 2021 ilishuka hadi takriban asilimia 13, lakini hicho kilikuwa kipindi cha korona, watoto walipokuwa wamekaa majumbani mbali na wenzao. Nakiri kwamba hofu ya watu kama mimi, kwamba kila mtoto angevuta, haikutimia huko. Lakini na ile ahadi ya mvuto kupotea nayo haikutimia, na ahadi hiyo ndiyo ninayoijibu.

Kuna kisa kingine ambacho sijaona kikitajwa katika mabishano haya, nacho kinahusu mazao yetu wenyewe. Hadi Juni 2014, ilipopigwa marufuku, miraa iliuzwa kihalali nchini Uingereza, ikishuka kwa ndege kutoka Kenya kila wiki. Ilikuwa rahisi kuipata na haikuwa ghali, lakini kwa kiasi kikubwa ilibaki kwa watu wenye asili ya Somalia, Yemen, Ethiopia na Kenya, na watoto wa Kiingereza waliopita mbele ya maduka hayo kila siku hawakuijali. Kwa hiyo uhalali peke yake hauleti mvuto, kama vile hauuondoi. Kijana hufuata anachokiona kwa wale anaotaka kufanana nao, kinapokuwa karibu na kinapokuwa rahisi. Sheria humfikia pale tu inapogusa ukaribu huo na bei hiyo.

Baadhi ya wazazi huniambia, “Mtoto akililia wembe, mpe.” Msemo huo una hekima yake kwa wembe, kwa kuwa wembe hukata papo hapo na mtoto akajua. Muguka hauna hisani hiyo. Mwezi wa kwanza humpa kijana macho makavu usiku wa mtihani na ulimi mwepesi mbele ya wenzake. Usingizi unaopotea, chakula kinachomshinda, ukimya na hasira huja baadaye, wakati ambapo yeye mwenyewe hawezi kuviunganisha na kile kimfuko cha shilingi 50.

Nisieleweke kwamba natetea magereza. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ilipotungwa iliweka kifungo cha miaka 10 kwa anayekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe, na nimewaona wavulana waliotoka korokoroni wakiwa wamejifunza mambo mabaya kuliko yale yaliyowaingiza. Kulegeza adhabu kwa mvutaji ni jambo moja, na kufungua biashara ni jambo jingine, na utafiti wa Uholanzi unatuonyesha kwamba tofauti hiyo si ya maneno tu. La kwanza naliunga mkono kwa moyo wote. La pili sioni vipi mtu analipendekeza kwa jina la vijana kabla hatujaweza kulinda lango la shule dhidi ya muguka.

Na hatujaweza. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka, na wengi wetu tulishukuru. Katika siku chache Rais Ruto alitangaza kwamba amri hizo hazina nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 na kanuni za miraa za mwaka 2023, na Mahakama Kuu ikazisimamisha. Niliuelewa uchungu wa wakulima wa Embu, ambao karo za watoto wao hutoka katika majani hayo, na niliona pia kwamba magavana wetu walikuwa wameomba kikubwa mno. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 hairuhusu pombe kuuziwa mtu aliye chini ya miaka 18, wala baa kuwekwa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto wa umri huo. Mabunge ya kaunti zetu yangeomba masharti hayo hayo kwa muguka, pamoja na leseni inayofutwa mara moja muuzaji anapomhudumia mtoto. Hakuna mkulima wa Mbeere anayeweza kusimama hadharani akadai kwamba riziki yake inategemea mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Wiki iliyopita nilipita mbele ya shule niliyostaafia. Vibanda vya muguka vilivyo karibu na lango, nilivyoviacha viwili, sasa ni vitano, na saa moja asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, vyote vilikuwa wazi.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa