Kengele ya mwisho wa reli

Mama, shikamoo.

Huku Bergen sisi wazima, mvua tu ndiyo haijui kupumzika. Mguu unaendeleaje? Mwambie huyo anayekusomea asiruke mistari, namjua uvivu wake.

Jumapili tulikutana kwenye simu, sisi wa darasa moja pale Ujiji: mimi, mtoto wa fundi baiskeli aliyeko Muscat, na yule binti aliyevuka ziwa na mama yake mwaka 1996, vita ilipowaka Kongo, wakafikia kwa shangazi yao badala ya kambini. Sasa yuko Winnipeg. Tuliondoka Kigoma kila mtu kwa njia yake, hakuna aliyekuwa amefika miaka ishirini.

Tulibishana karibu saa nzima juu ya kengele ya shule. Mimi nasema ilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa kwa mnyororo kwenye mwembe. Pale ni mwisho wa reli, chuma cha kugonga kingetoka wapi kwingine? Wa Muscat anaapa ilikuwa rimu ya lori. Akachukua kijiko na sufuria atusikilizishe mlio, mpaka mkewe akaja kuona kuna nini.

Halafu nikakwama. Nilikuwa nasimulia tulivyobeba maji, nikataka kutaja ile nguo unayoizungusha, unaiweka kichwani, ndoo inakaa juu yake. Neno limepotea! Nikabaki nachora duara hewani kama bubu. "Ngata," akasema wa Winnipeg, wala hakufikiri.

Mama, unakumbuka tulivyomcheka? Alikuwa akisema mutoto, mukubwa, muzuri. Mwalimu akimsimamisha asome, nyuma tunaanza "mu, mu, mu" kama ng'ombe. Ulipopata habari ulinichapa, nikakununia siku mbili. Na sisi wenyewe kisamvu tulikiita sombe, vilevile kama wao! Alipokuja mwalimu mgeni kutoka pwani akauliza sombe ni kitu gani, tulimwona yeye ndiye hajasoma.

Leo wanawe wanazungumza Kiswahili nyumbani, na hiyo mu yao yote. Wangu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kinorwei. Mtoto wa fundi naye kila akimaliza jambo anafunga na "khalas".

Nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mulikuwa watoto." Kisha akauliza kama taa za wavuvi bado zinaonekana usiku. Unajua zile karabai za mitumbwi ya dagaa, mwezi ukiwa haupo, ziwa linavyokuwa kama mji. Akasema miezi ile ya mwanzo alidhani ni kwao ng'ambo, wamewasha taa, vita imekwisha. Alikuwa hamwambii mtu. Na mimi jioni hizo nilikuwa nimekaa naye ukutani hapohapo, nazihesabu taa kwa sauti, nimefurahi kwamba nimemzidi hesabu.

Mama yake alikuwa akikuletea mawese, sivyo? Aliuliza kama unamkumbuka. Nikasema unamkumbuka, kwa hiyo tafadhali mkumbuke.

Mjukuu wako akitoka kukusomea apite shuleni, atazame mwembe ule. Kama umekatwa, awaulize wazee wa jirani. Ikionekana ni rimu, nipigie mimi kwanza, wa Muscat asijue.

Mwanao