Kadi yako ya benki na launji ya Doha

Kinondoni, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salamu kwako, kwa Bi Mkubwa na kwa wote wa hapo Ngamiani. Huku tu wazima. Masika yameisha, sasa tunakula vumbi.

Picha ya kadi yako niliipata na nimeifuta palepale. Na wewe ifute kwenye simu yako. Namba zote kumi na sita, jina lako, mwezi wa kwisha, vyote vilikuwa vinanitazama. Mwizi hapo anabakiza zile tarakimu tatu za nyuma tu, nazo naogopa ungenitumia kama ningekuomba.

Swali lako lilikuwa moja: tangu benki wakubadilishie kadi, mbona wanakukata ada ya mwaka kubwa kuliko zamani, na wewe kazi yake kwako ni kutolea hela ATM ya jirani na duka? Ningeweza kukujibu kwa sauti ya WhatsApp nikamaliza. Lakini uliongeza, kama jambo dogo, kwamba mwezi wa nane unampeleka Bi Mkubwa Manchester kwa Salma akamwone kitukuu wake, na kwamba mtakaa Doha masaa nane mkisubiri ndege ya pili. Hapo nikatafuta kalamu.

Itazame kadi yako vizuri, karibu na neno Visa. Pameandikwa Platinum. Kadi za benki zina madaraja kama mabehewa ya treni. Visa wana Classic, Gold, Platinum, Signature, halafu Infinite juu kabisa. Mastercard nao wana Standard, Gold, Platinum, World na World Elite. Duka lako lilipochangamka na akaunti ikanenepa, benki wakakupandisha behewa bila maelezo mengi, wakakupa kadi mpya na bahasha ya makaratasi ambayo najua hukuyasoma. Hiyo ada iliyopanda ndiyo nauli ya behewa jipya. Ndani yake huwa wanatia vikorombwezo: bima ya safari, punguzo la hoteli, na kwa baadhi ya benki, ruhusa ya kuingia launji ya uwanja wa ndege bure mara kadhaa kwa mwaka. Signature na Infinite kwa kawaida zinayo. Platinum hutegemea benki yenyewe imenunua nini. Kwa hiyo sikuambii kuwa unayo, nakuambia ukaulize.

Launji ni sebule iliyo ndani ya uwanja wa ndege, aghalabu ng'ambo ya ukaguzi wa pasipoti. Viti vya kuzama, chakula cha kujipakulia, chai, vyoo visafi, pengine na bafu, soketi za kuchajia simu. (Nyingi zina baa pia, Bi Mkubwa asishtuke, mkae kona nyingine.) American Airlines ndio waliofungua ya kwanza, New York mwaka 1939, nayo ilikuwa ya wakubwa wanaoalikwa. Mwaka 1992 Waingereza wakaanzisha Priority Pass, mtu akaweza kulipia uanachama akaingia bila kujali amepanda shirika gani wala daraja gani. Benki zikaona hapo pana ndoano nzuri ya kuwashika wateja. Leo ukimwona mtu wa tiketi ya kawaida, kandambili mguuni, anapita mlango mmoja na mwenye suti, ujue kilichomwingiza ni kadi.

Mimi haya niliyajua nikiwa nimechelewa. Mwaka 2019, unakumbuka, nilimpeleka marehemu mama Mumbai kwa ule moyo wake. Tulipitia hapohapo Doha, tukakaa masaa saba. Katikati ya uwanja wa Hamad kuna dubu mkubwa wa manjano, urefu wake mita 7, na taa imemtoka kichwani. Ni kazi ya msanii wa Uswisi, Urs Fischer. Mama akamtazama sana, akasema, "Hawa watu wana hela mpaka wamekosa la kufanya." Akacheka, kisha akanyamaza, maana miguu ilishaanza kuvimba. Nikatandika khanga sakafuni nyuma ya nguzo, akajilaza, mkoba wangu ndio mto. Na ndani ya mkoba huo ilikuwemo kadi yangu, Mastercard ya daraja la World, ada yake imeshakatwa tangu Januari. Mama alikuwa ameulalia ufunguo.

Niliambiwa baada ya mwaka mzima, siku dada mmoja wa benki alipokuwa akinibadilishia kadi iliyoisha muda, akaniuliza kwa nini sijawahi kutumia launji hata mara moja. Nilitoka nje nikakaa ndani ya bajaji. Dereva akauliza twende wapi, nikashindwa kumjibu.

Nikaapa sitalala tena sakafuni. Mwaka 2022 nikaenda Dubai kufuata mzigo, nikiwa na shangazi. Wakati wa kurudi nikamshika mkono mpaka kwenye launji moja pale uwanjani, nikatoa kadi kwa madaha. Wakaipitisha kwenye kimashine, wakauliza wangapi, nikasema wawili, nikatia sahihi bila kusoma. Shangazi alipakua biriani mara mbili. Wiki tatu baadaye, taarifa ya akaunti: dola 32. Nikaenda benki nimefura, yule dada wangu akanionesha masharti kwa kidole, mstari kwa mstari. Bure ni ya mwenye kadi. Mgeni analipiwa. Na bei ilikuwa imeandikwa palepale nilipotia sahihi. Shangazi hadi leo hajui kuwa biriani ile ilinitoa zaidi ya shilingi 70,000, na wewe usimwambie.

Ukijua hela zinavyozunguka hutanaswa kama mimi. Kila kichwa kinachopita mlangoni kinahesabiwa. Launji inamdai dalali, dalali anaidai benki, benki inaangalia kama bado una safari zako za kuingia launji bure. Zikiwa zimeisha, au kichwa kikiwa cha mgeni, deni linashuka kwako. Madalali wakubwa ni Priority Pass na LoungeKey, ambazo zote ni za kampuni ya Collinson ya Uingereza, na DragonPass ya China. Na kile kimashine hakitazami rangi ya kadi wala gauni ulilovaa. Kinasoma tarakimu za mwanzo za kadi, ambazo ndizo zinazotaja benki na daraja. Ndiyo maana kadi mbili za Platinum za benki mbili, moja inapita na nyingine inakataliwa mbele za watu.

Tena kitu chenyewe kikitumiwa sana, kinapunguzwa. India walifika mahali kadi ya kawaida kabisa ya akaunti inamwingiza mtu launji kwa rupia 2, za kuthibitisha kadi tu. Foleni zikajaa mlangoni. Tangu mwaka 2024 zipo benki huko zinazotaka uwe umetumia kadi kwa rupia 35,000 katika miezi mitatu iliyotangulia ndipo upite. Kwa hiyo usiende kwa maneno ya mtu aliyesafiri mwaka juzi, hata akiwa mimi.

Sasa sikiliza. Kabla mwezi huu haujaisha nenda tawini, na usiulize kaunta ya kuwekea hela, muone anayeshughulika na kadi. Muulize: kadi hii ina launji au haina? Kwa mpango gani? Mara ngapi kwa mwaka, na mwaka wao unaanza kuhesabiwa lini? Mgeni wangu atalipiwa kiasi gani? Akikujibu kwa mdomo, mwambie akutumie na kwa barua pepe. Visa nyingi za huku kwetu hupitia programu ya simu inayoitwa Visa Airport Companion. Unaipakua, unajisajili kwa kadi yako, inakuonesha launji ulizo nazo na safari zilizobaki, na mlangoni unaonesha msimbo wa QR. Jisajili ukiwa Tanga umekaa kitandani, usingoje kuhangaika nayo Doha na Bi Mkubwa amesimama pembeni. Na waombe wahakikishe kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi, maana nyingine huwa zimefungwa.

Dar mtaondokea Terminali 3. Launji ya terminali nyingine ni kama haipo, kwa hiyo soma vizuri. Ila mimi ningekuwa wewe, ya Dar ningeiacha. Ukiwa umepewa safari mbili tu, moja iweke Doha ya kwenda, nyingine Doha ya kurudi. Dar mtasubiri muda mfupi, na Bi Mkubwa bado atakuwa kwenye simu anaaga ukoo mzima.

Doha, ya kutafuta kwanza kwenye orodha yako ni Oryx Lounge. Msipotelee Al Mourjan. Ile ni ya Qatar Airways wenyewe, ya abiria wa daraja la biashara, na kadi yako haitasaidia. Launji nyingi zina ukomo wa muda, mara nyingi masaa matatu, na zikijaa wanakurudisha hata uwe na kadi gani. Basi mkishuka tu, nenda kaulize mlangoni: tunaruhusiwa kuingia saa ngapi na kukaa muda gani? Kisha ndipo mpange lini mle, lini mswali, lini mlale.

Bi Mkubwa huenda akahesabiwa mgeni. Bei ya Priority Pass sasa ni dola 35 kwa kichwa, na nyingine hazipishani nayo sana. Zuhura, nakujua unavyopiga hesabu ya kila msumari, lakini hii lipa. Mimi ningelipa mara kumi ya hiyo.

Wakigoma kabisa, usitandike khanga. Uwanja wa Hamad una vyumba vya utulivu, vya wanawake mbali na vya wanaume, vina viti vya kujinyoosha, na ni bure kwa kila abiria. Vilikuwepo na mwaka ule. Sikumuuliza mtu. Na kiti cha magurudumu kiombe kwenye shirika la ndege mapema, wakati huu tiketi ikiwa bado mbichi, hawakutozi.

Kuhusu ada yako, kama benki watakuambia kadi haina launji wala bima, waambie wakurudishie ile ya zamani. Wala wasikushawishi upande Infinite kwa ajili ya sofa na juisi. Wewe unasafiri mara moja kwa miaka mitatu, na launji nyingi unaweza kulipa mlangoni ukaingia. Hata uanachama wa Priority Pass si wa watu kama sisi: wa chini kabisa ni dola 99 kwa mwaka, na bado kila ukiingia unatoa 35. Huo ni wa wale wanaolala angani kuliko nyumbani.

Mje Dar siku mbili kabla ya safari, msije mkashuka basi na kukimbilia ndege. Nitawafuata stendi ya Magufuli, Mbezi. Niletee machungwa ya Muheza kama bado yapo, yale madogo, si haya ya kuuzia wageni barabarani. Na mwambie Bi Mkubwa zile soksi za kubana miguu nimeshamnunulia, namba nimekisia, nipigie uniambie mguu wake nikabadilishe kabla dukani hawajanigeuka.

Wako,
Rukia